Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Mwanaume akikuambia anataka magari mawili, muulize la pili ni la nani. Mimi sikuuliza mapema. Ndiyo maana Alhamisi ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yangu, kiti cha gari la mchumba wangu kimelala ubavu mbele yangu, natafuta mwanamke ndani ya sponji.

Nieleze kwanza kazi yangu, msije mkaniona kichaa. Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kushona anashona Bi Cherehani, mama wa makamo mwenye miwani mbili na neno la kumpa kila mtu. Mimi napima, nakata, najaza. Mtu akikikalia kiti miezi michache, nikikivua ngozi namjua. Anayeweka pochi mfuko wa nyuma namjua. Dereva wa teksi namjua, maana ukingo wake wa nje umelala kwa kupanda na kushuka. Mwoga naye namjua. Hukaa mbele mbele, na mgongo wa kiti hubaki mpya. Uso wa mtu umenidanganya mara nyingi tu, lakini sponji ilikuwa haijanidanganya hata siku moja.

Sasa habari ya magari yenyewe. Mchumba wangu ana kampuni ya kutengeneza lifti za majengo, na kwa ajili hiyo mama yangu alimbatiza Pandashuka siku ya kwanza tu aliposikia kazi yake. Jina likamganda. Pandashuka ana gari la kijivu, refu nyuma, lisilo na maringo, la kwendea kazini. Na ana gari jekundu la mbio, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba kushuka kwake ni kazi ya mikono na magoti. Hilo ni la mwisho wa wiki. Mama alipoliona mara ya kwanza alilizunguka taratibu, akachungulia ndani, akahesabu viti, kisha akasema mwanaume mwenye gari la viti viwili hana mpango wa kuzaa. Alisema mwenye gari akiwa amesimama pale pale, wala hakupunguza sauti.

Na Pandashuka mwenyewe ndiye aliyeanza maneno ya kuyauza yote mawili. Dalali mmoja alikuwa na gari la mbio la aina ya kukaa nalo kila siku: viti vinne, vya nyuma vinalala ukitaka nafasi, buti linameza masanduku, na kuna kitufe cha kuinua pua ya gari likifika kwenye tuta. Kasi ipo siku ukiitaka. Siku usipoitaka, linakwenda sokoni na kurudi bila kelele. Tulilijaribu Jumapili moja. Niliingiza marobota mawili ya ngozi kule nyuma, yakaingia, tukacheka mpaka dalali akatuacha wenyewe. Pandashuka akanishika mkono.

"Gari moja la kila kitu," aliniambia. "Siku za kazi zako, siku za raha zako. Sitaki maisha ya kubadilisha funguo."

Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonivisha pete. Nasema kweli. Nimekulia nyumba ambayo mtu aliondoka na hakurudi, na neno lile la kutobadilisha funguo liliniingia mahali ambapo yeye hakujua kama pana kidonda.

Halafu, miezi miwili iliyopita, akageuka.

Hakugeuka kwa ugomvi. Aligeuka kwa sababu nzuri nzuri. Kila gari lina kazi yake, akasema. Gari la mbio likitumika kila siku litachoka haraka. Foleni si mahali pa injini ile. La kijivu halijawahi kutusumbua, kwa nini tuliuze. Alizisema zote kwa mpangilio, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai. Sababu zilikuwa nyingi mno, na mtu mwenye la kweli huwa na moja tu. Nikamwambia basi tungoje. Dalali akangoja wiki moja, akangoja ya pili, mwishowe akasema kuna mteja mwingine, na mwisho wetu ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni.

Tangu hapo nikaanza kuangalia mambo ambayo sikuwa nayaangalia. Jumamosi mimi huchukua lile la kijivu kupeleka kazi za wateja, yeye hubaki na jekundu. Nikirudisha jioni, nalikuta jekundu limeshaoshwa. Nani huosha gari kila Jumamosi kabla ya jioni? Nikachungulia mita. Kilomita mia mbili na kumi. Jumamosi iliyofuata, mia mbili na kumi tena. Nikimuuliza alikuwa wapi anasema alizunguka kidogo. Mtu wa kuzunguka kidogo hazunguki kipimo kile kile kila wiki.

Alhamisi ile alilileta jekundu karakana, mshono wa kiti cha dereva ulikuwa umefumuka. Akanipa ufunguo, akanibusu kwenye paji la uso, akafika mlangoni, akageuka.

"Kiti cha dereva tu, Fundi," akasema. "Cha abiria usikiguse. Kizima."

Haya basi. Wewe ungefanyaje? Teksi aliyoondoka nayo ilipokata kona tu nilikuwa nimeshazifungua nati nne za kiti cha abiria.

Viti vile nilivijaza mwenyewe miezi mitano nyuma, sponji mpya kabisa. Mimi nilikikalia kile cha abiria mara nne, tano, maana gari lenyewe sina hamu nalo. Kwa hiyo alama yoyote iliyokuwemo haikuwa yangu. Na alama zilikuwemo. Kwanza, kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hatua tatu. Aliyekaa alikuwa mfupi. Mimi ni mrefu. Pili, ngozi ya mshikio wa mlango ilikuwa inang'aa kwa kushikwa. Tatu ndiyo iliyonikata maini. Nilipovua ngozi, sponji ya upande wa kushoto, wa mlangoni, ilikuwa kama nilivyoiweka. Ya upande wa kulia ilikuwa imelala. Usukani wa gari lile uko kulia. Mtu yule, Jumamosi baada ya Jumamosi, kilomita mia mbili na kumi, alikuwa anakaa amemwegemea dereva.

Nilitandaza karatasi ya khaki juu ya sponji, nikachora umbo lile kwa chaki, sehemu iliyolala na sehemu iliyosimama, nikakata. Ndivyo tunavyofanya tukitaka kutoa kielelezo. Nilikuwa nachukua ushahidi. Bi Cherehani akashusha miwani moja, akatazama, akavaa ya pili, akatazama tena. Akauliza kama mimi huegemea. Nikamwambia siegemei. Akarudi kwenye mashine yake, akakanyaga pedali kwa muda, kisha akasema bila kunitazama kwamba marehemu mumewe alikuwa na baiskeli mbili, na ya pili ilimpa tabu sana.

Usiku ule nililala nimekunja karatasi chini ya mto. Ijumaa saa tano nikamfuata kazini.

Alikuwa kwenye jengo moja la ofisi, ghorofa sita, ameishika lifti kwa ufunguo wake pale ghorofa ya nne. Mlango wa lifti wazi, yeye ndani amechuchumaa, mikono na grisi, kibao cha MATENGENEZO kimesimama nje. Aliponiona aliinuka na uso ukamfunguka. Ni hilo lililoniumiza, jinsi uso wake ulivyofunguka. Nikaingia ndani ya lifti, nikatoa karatasi, nikaitandaza kwenye kioo.

Hakuuliza ni nini. Ameshinda karakana yangu mwaka mzima, anajua kielelezo cha kiti akikiona.

"Nilikuomba usikiguse," akasema.

"Na mimi nilikuomba gari moja. Nani anakaa pale?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilimngoja aseme hakuna mtu. Nilikuwa nimeshajitayarisha kwa uongo; nilikuwa na majibu matatu ya uongo yamenikaa mdomoni. Hakusema uongo.

"Kuna mtu," akasema. "Ni nani, siwezi kukuambia."

"Mwanamke?"

Mtu mmoja mwenye faili alipita nje, akasoma kibao, akatutazama sisi wawili, akaamua kupanda ngazi.

"Ni mwanamke," akasema Pandashuka.

Nadhani alitaka kuongeza kitu. Midomo ilifunguka, kisha akaibana. Akasema ameahidi, kwamba jambo lenyewe si lake, kwamba nikimpa Jumamosi mbili tatu nitajua kila kitu kutoka kwa mwenyewe. Nikamuuliza kama ndiyo sababu anataka magari mawili. Akakiri ndiyo. Tukibaki na gari moja, alisema, Jumamosi gari lingekuwa langu, na safari zile zingekatika kabla hazijafika mwisho. Alizisema hizo habari kwa upole, ananitazama machoni, na nikamwona ni mtu mkatili kuliko wote niliowahi kuwajua, maana hata huruma ya kunidanganya hakuwa nayo.

"Unampenda?" nikamuuliza.

Akafikiri. Jamani, akafikiri!

"Nimeanza kumpenda," akasema. "Mwanzoni alikuwa ananitisha."

Nilimwekea mkononi ufunguo wangu wa akiba wa gari la kijivu. Pete nikashindwa kuivua, kidole kilikuwa kimevimba kwa kazi, na kuhangaika na pete mbele yake kungenitoa machozi. Nikakunja karatasi yangu, nikashuka kwa ngazi. Ghorofa nne zote nilikuwa nasikiliza kama ananifuata, na nilipofika chini nikakasirika kwamba hakunifuata.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu juu ya stuli, anachambua mboga. Nilitegemea atafurahi. Tangu mwanzo alikuwa akisema mtu huyu ana heshima nyingi mno, na wenye heshima nyingi wana la kuficha. Baba yangu naye alikuwa na heshima, na siku moja nikiwa na miaka minane alituacha bila kwaheri. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyomchukia baba yangu miaka ishirini. Nikamwambia Mama kwa ufupi kwamba yamekwisha, kwamba kuna mwanamke anayepanda gari la Pandashuka kila Jumamosi, kwamba mwenyewe amekiri.

Mama hakufurahi. Kisu kilisimama kwenye jani.

"Amekiri?" akauliza. "Amesema ni nani?"

"Amekataa katakata. Eti ameahidi."

"Amekataa," Mama akarudia, taratibu. Akaweka kisu chini. Akasema nisifanye haraka. Hasira ni kitu cha leo, akasema, ngoja Jumamosi ipite. Mama yangu, aliyenifundisha kwamba mwanaume akikosea mara moja toa mabegi yake nje, ananiambia nisifanye haraka! Kisha akainuka kwa kujisukuma na mkono, akachechemea kwenda jikoni, na sikusikia sufuria wala maji. Alikuwa amesimama tu kule ndani.

Nikashuku. Sikujua nashuku nini, lakini nikashuku.

Mimi nikiwa na hasira mikono yangu inataka kazi. Kwa muda mrefu Mama alikuwa akilalamika mto wa kiti chake umeisha, na mimi fundi wa viti wa mji mzima nilikuwa sijapata nafasi ya kumtengenezea mzazi wangu. Nikauchukua, nikaufumua pale pale sebuleni. Nikatoa sponji.

Upande wa kushoto ulikuwa umesimama. Upande wa kulia ulikuwa umelala.

Sikuelewa mara moja. Kwanza niliona kazi tu: nyonga yake ya kushoto, ile aliyoanguka nayo bafuni miaka mitatu nyuma, hawezi kuikalia, kwa hiyo uzito wote anauhamishia kulia. Nalijua hilo. Halafu nikaitoa ile karatasi ya khaki mfukoni, sijui hata kwa nini, nikaitandaza juu ya sponji ya Mama. Ikakaa. Ukingo kwa ukingo, bonde kwa bonde, ikakaa.

Nikasogeza stuli yake nikakaa. Mfupi, kama Mama. Anashika mshikio wa mlango kwa nguvu, kama mtu ambaye kuinuka kwake ni kazi. Hamwegemei dereva wala nini, anakwepa nyonga. Miaka kumi na moja ya kusoma viti, na maumivu ya mama yangu nimeyasoma kuwa mapenzi ya mtu na mchumba wangu.

Msidhani nilitulia. Nilishuku upya, na safari hii nilishuku wawili. Mama anamsema Pandashuka asubuhi na jioni, kisha Jumamosi anapanda gari lake? Wanakwenda wapi kilomita mia mbili na kumi? Wananipangia nini? Ningeweza kuingia jikoni nikamuuliza. Lakini namjua, angeniambia nimechanganyikiwa, na angenitazama usoni akisema hivyo. Na nilikumbuka kitu: siku Pandashuka aliyokuja kujitambulisha rasmi, miezi miwili iliyopita, Mama alimwita jikoni peke yake amfungulie kopo. Walikaa kule muda wa kufungua makopo kumi. Nilipomuuliza walikuwa wanafanya nini, alisema kopo lilikuwa gumu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa karakana. Nilichukua sponji mpya, nikaikata kwa ile karatasi, lakini kinyume chake: pale alipokuwa anabonyea nikaweka ngumu, na upande wa kushoto nikachimba bonde dogo, nikalijaza sponji laini ya safu mbili, ili nyonga ipate pa kupumzika. Ndivyo ulivyopaswa kuwa mto wa nyumbani tangu zamani. Nikavisha ngozi, nikafunga nati nne, nikasogeza kiti mbele hatua tatu.

Pandashuka alikuja saa tatu, macho mekundu, shati halijapigwa pasi. Akanisalimia kama mteja. Nikamjibu kama fundi, nikampa ufunguo. Alisimama kidogo, nikaona anatafuta neno. Mimi nilikuwa nalo, lakini nilibana meno. Nilitaka mwenye siri aniambie mwenyewe, na asiponiambia baada ya kukikalia kiti kile, basi hataniambia tena.

Siku ile ilikuwa ndefu. Bi Cherehani aliniuliza mara tatu kama nimekula. Nilijaza kiti vibaya, nikafumua, nikakata ngozi ya mteja fupi kwa inchi moja. Kila gari lililopita lilikuwa jekundu mpaka likifika karibu. Nilikuwa najiambia kama Mama ananificha jambo la aibu, nitalibeba. Ila kama wamenifanyia njama nisiolewe, au niolewe, sijui kama nitawasamehe. Na katikati ya hayo yote nilikuwa namkumbuka Pandashuka, namkumbuka kweli, hata ile tabia yake ya kubonyeza kila kitufe anachokiona. Saa kumi dalali akapiga simu kuuliza. Nikamwambia bado.

Saa kumi na moja kasoro, jekundu likasimama mbele ya mlango wa karakana. Halikwenda kuoshwa. Lilikuwa na vumbi mpaka kwenye vioo.

Pandashuka akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akainama, akatoa mkono. Mama akaushika. Alitoka taratibu, mguu mmoja, wa pili, akajinyoosha, akatazama kiti, akanitazama mimi.

"Nimekaa dakika moja nikajua," akasema. "Nyonga haijaniuma hata mara moja, kwenda na kurudi. Nani mwingine angeijua?"

Bi Cherehani, Mungu ampe maisha marefu, akakumbuka kwamba uzi umekwisha, akatoka. Nikamsogezea Mama benchi lenye godoro. Hakukaa.

"Tumekwenda kwa baba yako," akasema.

Nikamtazama Pandashuka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama alinieleza akiwa amesimama, mkono kwenye meza ya kukatia, na sitasahau jinsi alivyokuwa anauviringisha mkia wa uzi kidoleni. Alisema siku moja nilipolia kwamba sina wa kusimama nami siku ya harusi, alikuwa nyuma ya mlango, akasikia. Baba yuko mji wa pili, anatengeneza saa, anaishi peke yake. Mama alimwomba Pandashuka ampeleke, akamwapisha asiseme. Jumamosi ya kwanza Baba alifunga mlango. Ya pili akaufungua nusu. Ya tatu akatoa kiti nje. Ilibidi waende Jumamosi nane.

"Kwa nini akufungie mlango, Mama?" nikauliza. "Si yeye ndiye aliyetuacha?"

Uzi ukakatika kidoleni mwake.

"Hakutuacha. Mimi ndiye niliyemfukuza."

Akasema alikuta kitambaa cha kichwa cha kike, kipya, kwenye mfuko wa koti la Baba. Hakuuliza cha nani. Alimtolea mabegi nje kabla mimi sijarudi kutoka shule, akaniambia ametutoroka. Mwaka uliofuata alipita kwenye duka moja la nguo, na mwenye duka akamuuliza kama kile kitambaa alichochaguliwa na mumewe kilimpendeza.

"Kilikuwa changu," Mama akasema. "Na hata baada ya kujua, nilinyamaza. Mwaka mmoja ukawa ishirini. Jana ulipokuja na habari ya mwanamke wa Jumamosi, nilijiona mimi mwenyewe nimesimama na lile koti. Nilitaka kukwambia, mdomo ukakataa. Mtoto wa watu akakubali kukupoteza ili mimi nisiumbuke."

Nilikasirika. Nataka mjue hilo, sikuwa malaika. Nilikuwa na miaka ishirini ya chuki niliyompa mtu asiyestahili, na aliyenipa mimi chuki hiyo alikuwa amesimama mbele yangu anachechemea. Nikamwambia sijui kama leo naweza kumwambia neno zuri. Akasema hakulijia hilo. Kisha nikamgeukia Pandashuka, na kwake sikuwa na hasira hata ya kuanzia.

"Ungeniambia hata nusu," nikamwambia.

"Ungejua nusu, Fundi, ungeshona iliyobaki mwenyewe."

Nikacheka, na kicheko kikanitoa machozi, akanikumbatia na vumbi lake lote. Nilisikia moyo wake unavyokwenda mbio ndani ya lile shati lisilopigwa pasi. Nikamwambia sikioni kwamba sikuivua pete, na kwamba si kwa sababu ya kidole kuvimba. Akaniambia anajua, aliangalia mkono wangu asubuhi wakati nampa ufunguo.

Mama akakohoa. Mama yangu akikohoa vile anataka jambo.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Akasema Baba anataka kuniona kwanza mimi, kabla ya harusi, kabla ya watu. Amesema Jumamosi ijayo atafunga duka. Mama akaligeukia lile gari jekundu, akachungulia ndani kama siku ile ya kwanza, na nikamwona anahesabu viti.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa akiniita mimi. Pandashuka alitazama nyuma yake kuona nani anaitwa. "Mpigie dalali wako. Mwambie tunalitaka lile la viti vinne."

Pandashuka, ambaye hajui kuacha neno lipite, akamkumbusha kwamba Jumamosi ijayo tutakuwa watatu tu.

"Kwenda tutakuwa watatu," Mama akasema. "Kurudi tutakuwa wanne."